Tonge la Msikilizaji

Asubuhi ya siku ya pili tangu njia izibe, Zabloni Ntahondi aliamka akakuta sikio lake la kushoto limekufa.

Halikuuma, wala halikutoa damu. Alilala nalo zima, akaamka nalo likiwa kama chungu kilichojazwa unga na kufunikwa. Ndani ya chungu hicho palikuwa na mlio mmoja mwembamba usiopanda wala kushuka, kama wa birika lililosahauliwa jikoni. Akapiga vidole karibu na shavu, hakusikia kitu. Akajikohoza, na kikohozi kikamjia upande wa kulia tu, kwa mbali, kana kwamba ni cha jirani.

"Nta," alijiambia. Mtu wa miaka sitini na mmoja hakosi nta.

Alichota mafuta ya kupikia kwenye kijiko, akayapasha moto kidogo, akadondosha matone mawili sikioni na kulala ubavu. Alingoja muda wa kutosha kuivisha maharage. Mafuta yalitoka kama yalivyoingia, na ule mlio haukuondoka. Sikio la kulia lilikuwa limedhoofika miaka ishirini iliyopita, kwa mlipuko wa baruti kwenye machimbo ya dhahabu, na hilo hakuwahi kumwambia mtu. Kazi yote alikuwa akiifanya kwa la kushoto. Katika Kambi ya Nne walikuwa watu watano, na uhai wa wote watano ulikuwa umening'inia kwenye sikio hilo.

Kambi yenyewe ilikuwa chumba cha chuma chenye urefu wa basi, kilichochimbiwa mwambani chini ya Ziwa Tanganyika, kwenye njia ya reli iliyokuwa ikichimbwa kutoka Kigoma kwenda ng'ambo ya Kongo. Juu yao palikuwa na mwamba, juu ya mwamba tope, juu ya tope maji. Jana yake dari ya njia ilikuwa imeporomoka nyuma yao na kuwatenga na mlango wa lifti. Kifusi kilikuwa na unene wa mita kumi na moja. Waya mkuu ulikatika, na pamoja nao zikafa simu, mashine za kuchimba, na Sikio la Chuma. Kilichobaki hai ni kile kilichotumia betri: taa, kisafisha hewa, na Tabibu, mashine ya matibabu iliyokaa pembeni nyuma ya pazia la plastiki. Kisafisha hewa kilikuwa na nguvu ya siku sita. Moja ilikwisha kuliwa.

Sikio la Chuma ndilo lililokuwa likisikiliza miamba ya nchi nzima siku hizo. Vinasa sauti mia nne vilipandwa ukutani, vikapeleka kila mlio kwenye ubongo wa mashine huko mjini, na ubongo ukasema pita au usipite. Wasikilizaji wa zamani, waliogonga mwamba kwa mtaimbo na kuamua kwa masikio yao, walirudishwa makwao. Lakini sheria ilibakiza kifungu kimoja: kila kambi iwe na mtu mmoja mwenye masikio ya kuzaliwa, wa akiba, endapo waya utakatika. Kwa miaka tisa Zabloni alikuwa mtu wa akiba. Alilipwa kwa kukaa. Wahandisi vijana walimwamkia kwa heshima ile wanayozipa saa za ukutani zisizotembea. Sasa waya ulikuwa umekatika, na siku aliyoingoja kwa miaka tisa ilikuwa imefika.

Ilifika, na yeye ni kiziwi.

* * *

"Mwakeye, babu!" Chubwa alimsalimu kwa Kiha, akimpita na karai la mawe. Chubwa alikuwa mchimbaji, kijana wa Kasulu mwenye mdomo usiopumzika. Zabloni aliona midomo ikicheza, akaitikia kwa kichwa.

Walikuwa wametoboa tundu la kutambaa katika kifusi, mita moja na nusu. Mbele walisimama wawili: Kalimba, msimamizi, mtu mpole aliyekuwa amevaa fulana ile ile tangu ajali, na Asukulu, Mbembe wa Fizi, upande wa Kongo, mwenye mabega mapana kama mlango. Nyuma yao, juu ya rundo la nguzo za chuma, alikaa Skolastika Bukuru, fundi wa nguzo, pampu yake ya pumu ikining'inia shingoni kwa kamba kama rozari.

Walinyamaza alipofika. Ndiyo desturi: msikilizaji akishika mtaimbo hakuna anayesema, na akimaliza hakuna anayemuuliza amesikia nini. Swali, walisema wazee, humtia mwamba hasira. Zabloni aligonga mara tatu: juu, bega la kulia la mwamba, kisha la kushoto. Mwamba mzima hulia kama kengele, nao uliolegea hulia kama debe tupu. Kisha msikilizaji akiridhika husimama chini ya dari ile, hutoa tonge la ugali mfukoni na kulila mbele ya wote. Wenzake hutazama taya lake. Akishameza, wanapita. Asiporidhika hulirudisha tonge mfukoni, nao huenda kuleta nguzo.

Mzee aliyemfundisha kazi, huko Katoro kwenye machimbo ya dhahabu, alimweleza sababu. "Mdomo unaweza kudanganya, mwanangu. Koo haliwezi. Mwenye shaka hamezi."

Zabloni alihisi mtaimbo ukitetemeka viganjani. Sauti yake ilimfikia kama kitu kilichofungwa ndani ya blanketi. Inaweza kuwa kengele. Inaweza kuwa debe. Alilitoa tonge, akalitazama, akalirudisha mfukoni.

Skolastika akashuka na nguzo. Walipomaliza kuisimika, Zabloni akagonga tena mbele kidogo, akalirudisha tena. Na tena.

"Babu leo anapenda nguzo kama bi harusi anavyopenda hina," Chubwa alisema.

"Mimi sina msitu humu," Skolastika alijibu. "Zilikuwa kumi na tisa. Zimebaki kumi na tatu, na bado tuna mita tisa."

Kalimba alimtazama mzee, akafungua mdomo, kisha akaufumba. Desturi ni desturi.

* * *

Jioni ile, wenzake walipokuwa wakila, Zabloni alipita nyuma ya pazia.

"Andika," aliiambia mashine kwa kunong'ona. "Usiseme. Andika."

Mkono mwembamba wa Tabibu ulitoa kijiti cha chuma chenye matawi mawili, ukakipiga, ukakisimamisha katikati ya paji lake. Maandishi yakatokea kiooni: *Mlio unausikia upande gani?*

"Kulia."

*Kama ingekuwa nta, ungeusikia upande ulioziba. Umeusikia upande wa pili. Kwa hiyo ubovu hauko mlangoni pa sikio. Uko ndani, kwenye neva.*

"Nini kimeiharibu?"

*Mara nyingi haijulikani. Watu huamka asubuhi wakakuta hali hiyo. Wengi hudhani ni nta au mafua, wakapoteza siku. Dawa ni steroidi, vidonge vya kutuliza uvimbe. Wengine hupona bila dawa, wengine kwa dawa, wengine hawaponi kabisa. Anayewahi ana tumaini kubwa kuliko anayechelewa. Ipo pia njia ya kuchoma sindano kupitia kiwambo cha sikio, lakini hiyo yataka mkono wa daktari.*

"Nipe vidonge."

*Ghala lina kumi na viwili. Kwako ni vitatu kila siku, navyo vinatosha siku nne tu. Tiba kamili ni ndefu kuliko hapo. Dawa hiyo hiyo ndiyo ya pumu kali.*

Zabloni aligeuka akamwona Skolastika kupitia plastiki, akilamba dagaa kwenye kidole. Wiki tatu walizokaa humu hakumsikia akikohoa. Na pampu anayo.

"Nipe."

*Sikiliza madhara yake. Itakukosesha usingizi. Itakuletea njaa kali. Inaweza kukuchangamsha kupita kiasi, ukajiona hodari kabla hujapona. Usikate shauri kubwa peke yako ukiwa unaitumia.* Kioo kikasita, kisha kikaandika: *Je, utawaambia wenzako?*

"Wewe utawaambia?"

*Siri ya mgonjwa ni sheria, imo ndani yangu. Nakuuliza wewe.*

Alimeza vidonge vitatu bila maji, uchungu wake ukamganda ulimini, akaketi pale akipima. Akisema, nani ataingia katika tundu lile? Wamelelewa katika desturi, hawapiti bila kuona taya likitafuna. Watakaa hapa wakiangaliana mpaka kisafisha hewa kizime. Asiposema, wataingia chini ya mwamba ambao hakuna aliyeusikia. Kila njia aliyoigeukia aliikuta na ukuta. Labda dawa itafanya kazi kesho. Labda keshokutwa. Mpaka hapo atasimika nguzo kila hatua, na nguzo si uongo, nguzo ni tahadhari.

Hivyo ndivyo alivyojiambia. Chini ya sababu hizo ilikuwepo nyingine ambayo hakuinua jiwe kuitazama: kwa miaka tisa alikuwa saa isiyotembea, na tangu jana watu wanne walikuwa wakimtazama usoni kuona wakati.

* * *

Siku ya tatu hakulala hata lepe. Alimeza vidonge, akapiga mtaimbo, akarudisha tonge. Nguzo zilibaki saba.

Siku ya nne aliamka, kama huko ndiko kuamka, akijihisi kijana. Alikuwa ameosha sahani zote, amenoa sururu mbili, amepanga buti kwa ukubwa. Aliwasimulia habari za Katoro kwa sauti ya kujaza ukumbi.

"Babu umemeza betri?" Chubwa aliuliza.

Zabloni alicheka, ingawa alikuwa amenasa neno la mwisho tu. Na hata hilo lilimtia furaha. Ule mlio wa birika ulionekana umebadilika. Ulikuwa umeshuka, au umesogea. Sikio linafunguka, aliamini. Kilichomsumbua kilikuwa kimoja tu, nacho ni njaa. Haikuwa njaa ya mtu aliyepewa mgawo mdogo, hiyo waliipata wote. Ilikuwa njaa yenye meno. Alikuwa amemaliza ugali wake wa muhogo na dagaa wake saba, akalamba sufuria, akajikuta anahesabu matonge ya wenzake yanavyopanda mdomoni. Kwenye mfuko wa fulana tonge la kazi lilikuwa likimwita kama mtoto.

"Mzee," Kalimba alimwambia, akiinama upande wa kulia bila kujua ni upande mwema, "nguzo saba, mita tano na nusu. Hewa ya leo, kesho na keshokutwa. Sikuulizi. Nakueleza tu."

"Nimeelewa, bwana mkubwa. Twende."

Tundu lilikuwa refu sasa, na mwisho wake walikuwa wamepanua kidogo ili watu wawili waweze kupiga magoti ubavu kwa ubavu. Zabloni alitangulia. Akapiga juu. Akasikia, au akakumbuka, mlio wa kengele. Miaka arobaini ya miamba mizima ilikuwa imelala kichwani mwake, na sasa kila pigo liliamsha mmojawapo. Akapiga bega la kulia. Kengele. Akapiga la kushoto. Hapo palikuwa na kitu. Vidole vyake vilihisi mtetemo uliovunjika, kama wa kamba iliyolegea. Akainamisha kichwa apime. Je, ni mwamba, au ni mkono wangu unaotetemeka kwa kukosa usingizi? Akiwa katika kupima huko, mkono wake wa kulia, ambao njaa ilikuwa imeutawala tangu alfajiri, uliingia mfukoni, ukatoka na tonge, ukalipeleka mdomoni.

Alipojua anatafuna, Asukulu alikuwa amekwisha kumpita upande wa kushoto, na Skolastika nyuma yake akikokota nguzo.

Kulikuwa na nafasi. Baadaye aliipima tena na tena, na kila mara ilikuwa na upana ule ule: nafasi ya kusema neno "Rudini." Lakini mtu aliyekwisha kula hawezi kusema rudini. Wangegeuka, wangemtazama, na kwa mara ya kwanza mtu angeuliza. Ugali ulikuwa mtamu mno. Alingoja koo likauke, kama alivyoahidiwa huko Katoro. Koo halikukauka. Akameza.

Bega la kushoto la mwamba likashuka lote kwa pamoja.

Hakulisikia. Aliliona: vumbi jeupe likija kama ukuta, kisha taa zikapotea, kisha mkono wa Chubwa ukimvuta kwa ukosi.

* * *

Asukulu alitolewa akiwa amevunjika mguu chini ya goti. Hakupiga kelele, aliuma mkanda wake. Skolastika alitoka kwa miguu yake mwenyewe, akakaa sakafuni kambini, akainama mbele na kushika magoti. Mabega yake yalipanda kwa kila pumzi na hayakutaka kushuka. Alibonyeza pampu mara mbili, mara nne, mara nane. Ikatoa hewa tupu.

Walimlaza mbele ya Tabibu. Mashine ikamvisha barakoa ya oksijeni na kusema kwa sauti, kwa kuwa mgonjwa huyu hakuiomba iandike: "Pumu kali. Oksijeni itasaidia, haitatosha. Anahitaji steroidi sasa. Kabati lina vidonge vitatu."

"Vilikuwa kumi na viwili," Kalimba alisema. "Nilivihesabu mwenyewe Jumatatu. Nani kavila?"

"Hiyo ni siri ya mgonjwa."

"Mgonjwa gani? Nani humu alikuwa anaumwa?"

Kalimba akamgeukia Chubwa, na Chubwa akainua mikono. Zabloni hakusikia hata neno moja la hayo, lakini aliuona mlango wa kabati ulio wazi, na vidonge vitatu juu ya sinia jeupe, na nyuso. Hakuhitaji masikio.

"Mimi," alisema.

Sauti yake ilitoka kubwa mno, kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Sikio langu la kushoto limekufa tangu siku ya pili. Hilo jingine lilikuwa bovu zamani. Nilimeza dawa nikidhani litafufuka. Mwamba wa leo sikuusikia. Wala wa jana. Wala wa juzi."

Kalimba alimsogelea mpaka pua zao zikakaribia kugusana, akasema polepole, akiipanga midomo. "Lakini ulikula."

"Nilikula kwa njaa."

Asukulu, akiwa amelala na mguu uliofungwa kwenye vipande viwili vya ubao, aligeuza uso ukutani. Chubwa alivua kofia yake. Kisha akaja upande wa kulia wa mzee, akaweka mdomo karibu.

"Nilikuwa natazama taya lako, babu. Siku zote hizi natazama taya lako."

Neno hilo alilisikia lote. Angependa asingelisikia.

Skolastika aliivuta barakoa kando. Alisema kidogo kidogo, akinunua kila neno kwa pumzi mbili, na Kalimba alimwandikia mzee kwa chaki ubaoni.

*Ungetuambia.*

"Msingeingia," Zabloni alisema. "Mngekaa hapa mkafa."

Skolastika alitikisa kichwa kwa hasira. Chaki ikakwaruza.

*Tungeingia. Kuna njia gani nyingine? Ila tungeingia kwa macho yetu wenyewe.*

Mzee aliyasoma maandishi yale, akayasoma tena. Siku tatu alikuwa amepima njia mbili na kila moja kuikuta na ukuta. Ya tatu ilikuwa wazi muda wote, na mlango wake ulikuwa kinywani mwake.

Tabibu ikawasha kioo. Safari hii iliandika na kusema kwa pamoja. *Vidonge hivi vitatu vimetengwa kwa dozi ya kesho ya Zabloni Ntahondi. Akivitumia mgonjwa wa pumu, viwili leo na kimoja kesho, huenda vikamtosha. Siwezi kuvihamisha bila ridhaa ya aliyeandikiwa. Ni wajibu wangu kumweleza: akiacha tiba sasa, tumaini la sikio kurudi linapungua sana. Baada ya wiki mbili karibu halipo. Zabloni, je, unafahamu?*

Alifahamu. Aliufahamu hata uzee uliokuwa ukimngoja upande wa pili wa kifusi, ikiwa upande wa pili upo: nyumba yake ya Mwanga, pale Kigoma, iliyojaa wajukuu wanaofungua na kufumba midomo, ibada bila wimbo, mvua juu ya bati isiyo na kelele. Na dawa ilikuwa bado damuni mwake, inamnong'oneza kuwa sikio linafunguka, kwamba dozi moja tu, kesho tu, ataisikia kengele.

Akabandika dole gumba kwenye kioo kabla mnong'ono haujamaliza sentensi.

"Mpeni," alisema.

* * *

Pumu haitoki kama inavyoingia. Ilichukua saa nyingi. Kalimba na Chubwa walifanya zamu ya kuondoa mawe yaliyoanguka, Zabloni akiyabeba kwa karai mpaka ngozi ya viganja ikachubuka. Hakuna aliyemzuia na hakuna aliyemsifu. Siku ya tano ilipokuwa imefika katikati, Skolastika alikaa, akanywa chai ya rangi, akaomba mtaimbo.

"Wewe umetoka kufa jana," Kalimba alisema.

"Na kesho tutakufa wote. Nipe. Kabla ya Sikio la Chuma nilikaa nyuma ya msikilizaji miaka sita, nikingoja kuitwa. Unadhani masikio yangu yalikuwa likizo?"

Aliingia na barakoa ya vumbi usoni. Zabloni alimfuata kwa magoti, kwa kuwa Skolastika mwenyewe alimwashiria. Desturi haikujua msikilizaji kuwa na mwenzake, lakini siku hiyo desturi ilikuwa imelala na mguu uliovunjika pamoja na Asukulu.

Walifanya hivi. Skolastika alipiga. Zabloni aliweka ncha za vidole vyake mwambani, shibiri moja kutoka pigo lilipotua, akafumba macho. Palipo pazima, pigo lilimfikia mara moja, kavu, kama mtu aliyebisha hodi na kuondoka. Palipolegea lilichelewa na kurudirudi chini ya ngozi. Alionyesha kwa mkono: sawa, sawa, subiri. Skolastika alipiga tena pale pa kusubiri, akiwa ameinamisha shingo.

Zilikuwa zimebaki mita nne na nguzo tano. Betri ya kisafisha hewa ilionyesha siku moja na robo.

Alipomaliza pigo la tatu, Skolastika alitoa tonge. Ugali wa muhogo, umekauka pembeni, wenye alama za vidole vyake. Njaa ya dawa ilikuwa bado haijamtoka Zabloni. Iliamka na kumvuta kuelekea mkono ule kama mbwa anavyovuta kamba. Akakunja ngumi mbili, akaziweka juu ya mapaja.

Skolastika akatia tonge mdomoni. Nyuma yake Kalimba na Chubwa waliinua taa. Taya likaanza kutafuna. Likatafuna tena. Kisha likasimama.

Ndipo Zabloni akafanya jambo ambalo miaka arobaini hakumwona mtu akilifanya. Akauliza, kwa ile sauti yake kubwa ya kiziwi, nayo ikalijaza tundu zima:

"Umesikia nini?"

Chubwa alishtuka, akatazama dari kana kwamba itajibu.

Skolastika akalitema tonge kiganjani. Akaishusha barakoa ya vumbi mpaka kidevuni ili mzee aione midomo yake, akamgeukia yeye, kisha Kalimba, kisha Chubwa, ili kila mmoja apate haki yake ya jibu.

"Sijui," alisema.

Lilikuwa neno dogo, jepesi kuliko tonge, na Zabloni aliliona vizuri likitoka. Yeye alilimeza siku tatu.

"Haya," Kalimba alisema. "Nguzo, au tujaribu hivyo hivyo? Kila mtu aseme."

"Nguzo," alisema Skolastika.

"Nguzo," alisema Chubwa. "Tena mimi nimeanza kuzipenda."

Kalimba akamgeukia mzee, akainua nyusi na kungoja, jinsi mtu anavyomngojea mwenzake.

Zabloni hakujibu kwa mdomo. Alikuwa amekwisha kugeuka, anatambaa kurudi kuichukua nguzo, na njaa yake yote ikimfuata.